Maji ya Bi Salma

Mgogoni, Jumatano, baada ya Isha

Bado naona aibu. Tumekodi nyumba hii ya kilimani tuje kupumzika wiki moja, na siku ya pili tu nishamaliza maji ya watu.

Asubuhi nilifua nguo zetu zote, mume wangu akaosha gari. Hatukumuuliza mtu. Kumbe tangi tunachangia na jirani, Bi Salma, ambaye bintiye kajifungua jana.

Saa nne akaja na ndoo tupu. "Mwanangu, mfereji hautoi kitu. Nataka maji ya kumkosha mtoto."

Nikamwambia ukweli. Hakugomba. Aligeuka na ndoo yake, akateremka kisimani.

Tukamfuata na madumu, tukapanda kilima mara tatu. Mabega yananiuma mpaka sasa.

Mwishowe akanipakatisha mtoto, yeye akichanganya maji ya moto na ya baridi. "Hukujua," alisema, bila kunitazama.

Sijui kama kanisamehe au kanistahi tu kwa kuwa mgeni. Mtoto ana siku moja duniani, hata jina hajapewa, na mimi nishamkosea.