Maman Émérance, na ujumbe ulionipa nimpelekee Marie-Jeanne

Mwaka umeshatimia, mama, tangu Jumamosi ile ya Februari ulipotutoka, saa nne kasoro robo asubuhi, saa ambayo kwa miaka sita ulikuwa ukifunga kamba za viatu vyako kwenye benchi la uwanja wa barafu. Papa Donat aliitazama saa ya ukutani, akasema, "Ni saa yake ya glace," saa yake ya barafu.

Ninaandika mimi, Darlène, mtoto wako wa kwanza, kwa niaba ya nyumba nzima. Watu wa kanisa wataisoma karatasi hii. Watu wa klabu wataisoma kwa Kifaransa, maana Josias, mdogo wangu, ameigeuza na tutaibandika kwenye ubao wao. Tangazo lako la kifo mwaka jana liliandikwa vizuri sana. Lilisema ulikuwa mke, mama, shemasi, mwimbaji wa kwaya, mhudumu katika nyumba ya wazee. Yote yalikuwa kweli. Ila halikusema neno hata moja juu ya barafu, na aliyelifuta neno hilo ni mimi.

Acha kwanza niseme ulivyokuwa.

Ulitoka Bukavu ukiwa na miaka thelathini na mmoja. Baridi yako ya kwanza Brussels ilikuangusha mbele ya duka pale Saint-Josse, mifuko miwili mkononi, watu wakikuangalia, ukavunjika mkono. Karibu miaka ishirini baada ya hapo ulikuwa ukitembea Januari nzima umeshika kuta. Halafu siku moja, ukirudi kutoka kazini Berchem, ukaona tangazo kwenye kituo cha tramu: klabu inapokea watu wazima wanaoanza kuteleza, umri wowote. Ulikuwa na miaka hamsini. Uliliacha tramu lipite ili ulisome mara ya pili.

Papa alicheka sana jioni ile. "Émérance, unataka kuenda kuvunja ule mukono mwingine?"

"Ile barafu iliniangusha mbele ya bantu," ukamjibu. "Niko nataka kuijua. Donc, Jumamosi usiningoje kwa chai."

Somo la kwanza walikufundisha kuanguka. Ulirudi ukatuonyesha sebuleni, juu ya zulia: piga magoti kidogo, kaa upande, kunja vidole haraka ili chuma cha kiatu cha mwenzako kisipite juu yake. Ukaanguka mara tatu, kila mara ukicheka zaidi. Jumatatu yake ukawafundisha wazee wako kazini, wale wanaoogopa kutoka kitandani, namna ya kuanguka bila kupigana na sakafu.

Tuseme ukweli, kwa miaka mitatu ulikuwa mbaya kabisa. Ulikuwa na alama nyeusi pajani kubwa kama sahani. Kila aliyekugonga ulimwomba radhi wewe. Kabla ya kuingia ulishika ukuta wa uwanja ukasali kidogo, na foleni yote nyuma yako ikangoja. Ijumaa jioni uliloweka maharage ili asubuhi pasiwe na mtu wa kukuzuia. Ukirudi, ulikausha vyuma vya viatu kwa mkono wa shati kuukuu la papa, kimoja kimoja, ukaviacha wazi chini ya ngazi vipate hewa. Bado viko pale. Hakuna aliyethubutu kuvihamisha.

Na kulikuwa na Marie-Jeanne. Alikuwa Mbelgiji wa Saint-Gilles, mstaafu wa posta, mjane, aliyeingia kwenye kundi la watu wazima vuli ile ile uliyoingia wewe. Mwalimu aliwaunganisha kwa sababu mlilingana urefu na wote wawili mlishindwa kurudi nyuma. Yeye kushoto, wewe kulia, mikono imeshikana. Kiswahili alijua neno moja tu, polepole, kwa kuwa ndilo ulilomwambia kwenye kila kona. Baada ya miaka sita mlikuwa na valse yenu, mchezo wa watu wawili, wa dakika mbili, na Machi iliyopita, kwenye gala, onyesho la kufunga msimu, mlipanga kuicheza mbele ya watu kwa mara ya kwanza. Ulinunua glavu nyeupe, jozi mbili. Ulituomba tuje.

Tonton Sylvestre, kaka yako na mkubwa wa familia hapa Ulaya, alikuja nyumbani kwa ajili hiyo tu. "Shemasi muzima," akasema, "anavaa bacollants ya kubana miguu mbele ya bantu, anazunguka kama mutoto. Bakisikia kule Bukavu, tutasema nini?"

Ulimwongezea chai. Mimi nilicheka pamoja naye, mama, na uliniona nikicheka. Niliona haya. Nilikuwa sijakanyaga uwanja ule hata siku moja, na tayari nilikuwa naona haya.

Desemba madaktari wakataja saratani ya kongosho. Hazikufika wiki tisa.

Tarehe kumi na saba Januari, hospitalini, ulinishika mkono wa koti. Ulikuwa umekonda hadi pete imefungwa uzi isidondoke. Ukasema: "Darlène, Marie-Jeanne hana mwingine. Umwambie sitakuya tena. Asiningoje. Atafute mwenzake, asiache glace. Unasikia? Asiache."

"Nimesikia, maman."

"Uende wewe mwenyewe. Pas par message, hapana kwa simu."

Nikasema ndiyo.

Kwetu habari ya kifo haitoki nyumbani mpaka mkubwa wa familia aketi na kusema nani aambiwe, na kwa mpangilio gani. Wasomaji wetu wa kanisani wanalijua hili. Tonton Sylvestre aliketi na karatasi juu ya goti: Bukavu kwanza, kisha Lubumbashi, kisha mchungaji, kisha kina mama wa kwaya. Nikauliza, "Na watu wa klabu, tonton?"

Alivua miwani. "Ile mambo ya glace, Darlène, muiache kule. Hapa tuko na kilio ya shemasi."

Nikasema ndiyo. Nilikuwa nimewaambia ndiyo watu wawili juu ya jambo moja, na aliyeshinda ni yule aliyekuwa bado anaweza kunikasirikia.

Baada ya mazishi ningeweza kwenda peke yangu. Hakuna aliyenifunga miguu. Sikwenda.

Simu yako ilikuwa kwangu tangu ulipolazwa. Jumamosi ya kwanza uliyokosa Marie-Jeanne aliandika kwamba amekushikia nafasi kwenye benchi. Ya pili aliuliza kama u mgonjwa. Ya nne aliandika, "Nimekukosea nini?" Mwisho wa Machi akaandika: "Gala ni kesho. Mwalimu anataka kunipa mtu mwingine, nimekataa. Nitakungoja mlangoni." Niliusoma jikoni, nikakunja taulo nililokuwa nakunja, nikaitia simu kwenye droo. Nilijiambia kwamba tuko kwenye kilio, papa hali chakula, karatasi za wilaya bado. Sababu sikukosa.

Nilikwenda Septemba, msimu ulipofunguliwa, kwa kuwa ile droo ilikuwa imeanza kuninyima amani. Mama mmoja wa mapokezi alidhani nimekuja kujiandikisha. "Watu wazima ni Jumamosi," akaniambia kwa uchangamfu, "umri wowote." Nilipotaja jina lako uso wake ulibadilika. Alinieleza kwamba siku ya gala Marie-Jeanne alingoja mlangoni amevaa glavu mpaka wakaitwa. Akaingia peke yake. Akacheza nusu yake, mkono wa kulia umenyooshwa mahali ambapo ungekuwapo wewe. Watu hawakujua wapige makofi au wanyamaze. Kisha akavua viatu na hakurudi tena.

Kwa anwani aliyonipa nikaenda Saint-Gilles, ghorofa ya tatu. Alinifungulia akiwa na fimbo. Nikamwambia ulikufa Februari.

Alikaa kitako kwenye kiti cha pale mlangoni, cha kuvulia viatu. "Kwa hiyo hakunitupa," akasema. Baadaye, alipokuwa akinimiminia kahawa: "Miezi saba nimemkasirikia maiti."

Nikamuuliza habari ya fimbo. Akasema tangu Machi alikuwa anakaa tu, hakuwa na pa kwenda Jumamosi, na nyonga iliyokuwa ikimsumbua kidogo kidogo ikakaza kabisa. Daktari amemwambia barafu imekwisha. Ana miaka sabini na mmoja.

Sasa ningemwambiaje, mama? Ningesemaje "alikutaka usiache" mbele ya fimbo ile? Nikasema ulikufa haraka. Nikasema mwishoni hukuweza kuzungumza. Nilikuziba mdomo mara ya pili, na nikala biskuti zake.

Wiki mbili zilizopita, tulipokuwa tunapanga kuvua nguo nyeusi, nilimweleza papa yote. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. "Uliweza kukula biskuti," akasema. Halafu: "Bon. Uandike. Hatuwezi kutosha kilio, kuvua hii nyeusi, kama ile neno iko bado ndani."

Tonton Sylvestre tulimpelekea karatasi hii aisome kabla ya wengine, kama inavyopasa. Aliirudisha siku ileile. "Miye mutoshe jina yangu," akasema, na tumelitoa kwenye orodha ya wanaokukumbuka hapo chini. Ndiye aliyekulea baba yenu alipofariki, na tunajua angetaka ukumbukwe safi. Lakini hakuwa mchafu, tonton. Alikuwa anateleza tu.

Kwa hiyo nasema hapa, mbele ya kanisa na mbele ya klabu, nilichotakiwa kusema mlangoni mwa uwanja mwaka mmoja uliopita.

Marie-Jeanne, maman alinituma kwako akiwa na akili zake zote. Alisema hatakuja tena. Alisema usimngoje. Alisema utafute mwenzako, na usiache. Neno hilo la mwisho alilisema mara mbili. Sikulileta. Ulingoja mlangoni kwa sababu yangu, na uliacha kwa sababu yangu. Msamaha sitauomba kwenye karatasi. Nitapanda ngazi zako Alhamisi nikuletee karatasi hii mwenyewe, na unaweza usinifungulie.

Jumamosi hii, saa nane mchana, tutakuwa na maombi kwenye ukumbi wa kanisa, Saint-Josse, na hapo tutavua nguo nyeusi. Kabla ya hapo, saa nne kasoro robo asubuhi, papa, Josias na mimi tutakuwa kwenye benchi lako na viatu vyako. Klabu imekubali kuipiga ile valse mara moja, barafu ikiwa tupu. Hakuna atakayecheza. Anayetaka kuja aje, na avae vizuri, kule ni baridi.

Wanaokukumbuka ni mume wako Donat. Watoto wako Darlène na Josias. Mjukuu wako Keren, aliyekuwa akilala na glavu zako kabla hatujazificha. Kina mama wa kwaya. Wazee wako wa Berchem. Watu wazima wote wa Jumamosi asubuhi. Na upande wa kushoto, akikubali jina lake likae hapa, Marie-Jeanne.

Tutakukumbuka siku zote, mama. Ujumbe wako umefika, na umechelewa.