Birika Lisilosuguliwa

Tarehe 4 Juni

Mpwa wangu Maswali,

Kosa la wengi ni kudhani kila kutu ni uchafu. Nimelitanguliza hata mbele ya salamu, nisije nikasahau. Marahaba, basi. Mimi ni mzima, isipokuwa goti, ambalo lina serikali yake. Wewe na mama yako hamjambo?

Umeniuliza kuhusu lile birika la shaba walilofukua wajenzi, ambalo mkurugenzi wa makumbusho yenu anataka ling'ae kabla ya maonyesho ya mwisho wa mwezi. Kazi hiyo ya kuhifadhi vitu vya kale niliifanya mpaka nikastaafu, kwa hiyo nivumilie nikieleza. Shaba ikikaa udongoni huota ngozi ya kijani. Ngozi iliyokolea, ngumu, laini kwa kidole, imetulia, iache. Ile iliyopauka, inayodondoka unga ukiigusa kwa kijiti, ni ugonjwa: chumvi na unyevu vinaila shaba. Dawa yake ya kwanza ni ukavu, siyo brashi ya waya, wala siyo ndimu anayosugulia masufuria mama yako.

Zima taa ya juu. Laza mwanga ubavuni mwa birika, kisha utazame kwa hadubini.

Mjomba wako

Tarehe 12 Juni

Shikamoo mjomba,

Sisi wazima. Mama anakusalimu, na anasema ndimu yake haijamkosea mtu.

Kwenye kitako nimepata doa moja lililopauka. Lakini tumboni, mjomba! Mwanga ulipolala nikaona mistari: mmoja juu, mmoja chini, juu, chini. Ni kitambaa! Nadhani birika lilifukiwa likiwa limeviringishiwa nguo. Nguo ikaoza, kutu ikachukua umbo la kila uzi. Nikisugua, imekwenda.

Nikamwambia mkurugenzi. Akacheka: "Binti, hiyo ni kutu iliyojipanga. Wageni hawaji hapa kutazama ukoko." Anasema ikifika tarehe ishirini na mbili bado ni la kijani, atampa fundi mwingine alisugue, na mimi mkataba wangu hatausaini. Nifanye nini?

Mpwa wako, Maswali

Tarehe 17 Juni

Mpwa wangu,

Mimi mzima, poleni na wasiwasi. Salamu nyingine baadaye.

Ulikosea kumwambia. Ungemwonyesha. Mkalishe kwenye kiti chako, mrekebishie hadubini, kisha nyamaza. Najua kwako kunyamaza ni kibarua. Akiinua kichwa, mpe brashi. Kama ni kusugua, aanze yeye kwa mkono wake.

Mjomba wako

Tarehe 30 Juni

Mpwa wangu,

Hujambo? Kila nikisikia hatua mlangoni nadhani ni barua yako. Kama limesuguliwa, niandikie tu. Sitauliza lolote.

Mjomba wako

Tarehe 3 Julai

Shikamoo mjomba! Shikamoo mara mbili!

Nisamehe ukimya, kutwa nasimama nikieleza watu mpaka sauti imenikauka. Mkurugenzi alikaa, akatazama, chai yake ikapoa. Nikampa brashi. Akaishika, akainama tena.

"Hapa mfumaji karuka uzi," akasema. "Umeona? Kapitisha nyuzi mbili pamoja, halafu akajirekebisha."

Akainuka, akaitia brashi mfukoni mwake. "Hii nisiione tena katika chumba hiki."

Maabara imethibitisha: ndani ya kutu kuna mabaki ya pamba. Makumbusho yote haya hayana hata kipande cha nguo ya enzi za birika hili, mjomba; zote zilioza. Sasa tunayo moja. Birika limesimama katikati ya ukumbi ndani ya kabati la kioo, kijani kitupu, taa imelazwa ubavuni, na foleni imefika nje ya mlango. Mkataba umesainiwa! Mama naye alikuja, akatazama weee, kisha akasema mbele ya wageni: "Yaani tumekusomesha miaka yote hii ili usisugue?" Ukumbi ukaangua kicheko. Naye huyo, akarudi mwisho wa foleni atazame tena.

Mpwa wako, Maswali

Tarehe 8 Julai

Fundi Maswali,

Marahaba mara mbili. Barua yako nimeisoma nimesimama, na goti halikusema neno. Yule mfumaji aliyeruka uzi, hebu fikiria, alidhani hakuna atakayeona! Majirani zangu wote nimewasimulia, sasa wanamjua, na wewe pia wanakujua. Mama yako mwambie ndimu aitie kwenye chai.

Lakini lile doa la kitako bado gonjwa, na pumzi za watu wote hao ni unyevu. Leo, kabla hujatoka kazini, badilisha punje za kukausha unyevu ndani ya kabati lake.

Mjomba wako