Miguu Yangu Inakatala Kiti

Yaya wangu Honorine,

Kutoka huku mbali nakukunjia magoti na kukupigia makofi, na mbele ya kumaliza kusoma utajua juu ya nini nimeanza vile. Mulilamuka namna gani kule Kongolo? Joto inapunguka? Batoto bangu bawili banakusikia, ao banakuchokesha? Na Mama? Mama njo wa kwanza mu roho yangu. Bado anafika ku mulango yeye peke yake, ao sasa ni paka kiti tu? Uniambie kweli, Yaya. Ukinificha nitajua tu.

Miye niko muzima, lakini situlii. Hata hii barua naiandika nasimama, karatasi iko juu ya meza ya kupigia pasi. Usicheke. Ngoja nikuelezee.

Unajua atelie yetu ya kushona iko mu ville, katikati ya muji, kwenye mabiro na mabanki. Mbele tulikuwa na mashini ya miguu: unakanyaga, unakanyaga, mangaribi unarudia magoti inawaka moto. Patroni wetu Mama Beatrice, mama wa Kasai, wa akili mingi, alileta mashini ya kuranti, ya umeme. Bote tulipiga bigelegele. Yaya, ile mashini unaigusa paka na kidole ya muguu, robo za banamuke zinatoka kama mikate! Na siye tunaikala tu pa kiti. Asubui tunaikala, saa sita tunakula palepale, mangaribi tunasimama kama bantu banatoka mu sanduku.

Miguu ikaanza kuvimba. Nikaiangalia, nikaona miguu ya Mama. Njo ilianza vile kwake, unakumbuka? Kwanza biatu binakatala, kisha njia inakatala, kisha mulango.

Nilienda ku dispansere ya mutaa wa Makomeno. Mama munganga alibonyeza muguu na kidole, shimo ikabakia pale. Akasema: "Mama, unaikala sana. Usimame mara kwa mara, ukunje magoti, utembee."

"Nitatembea saa gani? Tangu asubui niko ku kazi."

"Paka kule ku kazi. Kidogo kidogo inatosha."

Kidogo kidogo! Yeye hamujui Mama Beatrice. Nikisimama kunyoosha mugongo: "Weye, siafu iko mu kiti?" Nikienda tena choo, Mado wa mashini ya pembeni anasema kwa sauti: "Mama Gracia, hii mimba iko ya miezi ngapi?" Bote kucheka. Miye, na hizi mvi! Nikaikala.

Kisha siku moja aliingia muzee mumoja wa kule kwetu, analeta suruali. Vile nilisikia tu namna alitoa jambo, ile salamu ya kwetu, mwili ukasimama wenyewe. Nikakunja magoti, nikapiga makofi, vile Mama alitufundisha kusalimia bakubwa. Nikasimama. Yaya, damu ilitembea, niliisikia! Nikawaza: shi hii njo yale mazoezi ya munganga? Na Mama Beatrice hawezi kunigombanisha juu ya eshima.

Basi kila mukiliya akiingia kuleta ao kuchukua nguo: miye chini, makofi, juu. Bazee banafurahi, bijana banaona haya. Na miguu ikaanza kupunguka kweli.

Lakini juma iliyopita aliingia binti wa kuolewa, na tantine yake, dada ya baba yake, banakuja kuchukua robo ya ndoa. Kwa vile ni ndoa nikaongeza eshima: magoti yote mbili mpaka ku simenti, makofi polepole. Yule binti akashika kichwa: "Mamaaa! Robo yangu iliungua!"

Yaya, kwetu muntu akikosa, si njo vile anaomba musamaha? Ile sikuwaza hata kidogo. Binti kulia. Tantine kupiga kelele: "Museme kweli! Pasi ilipita wapi?" Bakiliya bengine banataka bitambaa byao birudi. Mado anazunguka na ile robo mu mikono, nyeupe, nzima kabisa, lakini nani anaiangalia?

Mama Beatrice alinishika mukono. "Unataka kunifungia atelie? Sema leo uko na nini, ao urudie kwenu."

Nikanyanyua kikwembe ya kujifunga mpaka ku magoti, baone ile uvimbe inabakia. Tantine njo alikaribia wa kwanza. Akainama, akaangalia, kisha akanyanyua kikwembe yake. "Hii miguu yangu," asema, "ni ya kuikala nyuma ya gishe ya banki, kuesabu feza." Mama Beatrice hakunyanyua kintu. Lakini biatu byake nilibiona, Yaya. Anavaa bya nyumbani, na bisigino biko inje.

Kesho yake alinitupia mita ya kupimia mu shingo. "Uache kupiga magoti, unaogopesha bantu. Sasa weye njo utapima bakiliya. Lakini robo moja ikitoka fupi, unarudia pa kiti."

Njo kazi yangu sasa. Bega, kiuno, chini mpaka ku kisigino, kuzunguka, tena juu. Mangaribi biatu binaingia. Lakini roho haitulii, kila namba naiangalia tena na tena, juu ile kiti inaningojea, na miye najua inapeleka muntu wapi.

Njo maana nakuomba neno moja. Musimuletee tena Mama chakula pa kiti. Najua ni mapendo. Lakini batoto bangu bakitoka ku masomo, basimame pa mulango, bakunje magoti, bapige makofi, bangojee. Mama hawezi kuacha salamu inaanguka chini, unamujua. Atanungunika, atabatukana. Weye umushike tu mukono, na mungojee.

Unisalimie shemeji yangu wa ku gare ya treni, na tantine wetu wa kuuzisha mafuta ya mawese, umuambie bado natafuta ile kitambaa yake. Gracia na mudogo wake ubakumbate nguvu, mpaka balalamike.

Na Mama umuambie hivi: siku nitafika, sitaingia mu nyumba. Nitabakia inje, pa njia, magoti chini na makofi, mpaka atoke.

Miye mudogo wako,
Mama Gracia