Jina la Tatu

Jumatano, Juni 2008

Na bado yule mtaalamu wa Dar anathubutu kuniuliza kama ninaijua kazi yangu.

Wiki nzima seva yao inakataa maombi ya salfa, dawa ya unga ya mikorosho, yanayotoka ofisini kwetu, eti wakulima hawana jina la tatu, la ukoo. Watu wa kijiji cha Kitaya wanajitaja kwa jina lao na la baba, basi. Somoe Hamisi ni Somoe Hamisi tangu azaliwe. Nilimpigia huyo bwana kumweleza, nikamwambia mikorosho inachanua na ugonjwa wa ubwiri unga unaoua maua haungoji mtu. Akacheka.

"Weka neno lolote pale, mradi pasibaki wazi."

Lolote! Msomi mzima.

Nikaandika programu fupi. Inadaka kila ujumbe wa XML, yaani ombi lenyewe kwa lugha ya kompyuta, kabla haujatoka ofisini kwetu Chikongola, inachomeka neno "Kitaya" penye jina la tatu, kisha inauachia uende. Leo asubuhi maombi yote yakapita. Nikanywa chai yangu kwa raha, mjinga mimi.

Alasiri simu ikalia. Ni yeye, sauti nzito kama hakimu. Wamesimamisha mgao wetu wote.

"Kaka, huyo Kitaya ni nani huko kwenu? Familia moja inachukuaje salfa ya kijiji kizima?"

Nilimkumbusha maneno yake mwenyewe. Akasema hakumbuki.

Kesho Somoe anakuja kuchukua salfa yake. Nimwambie nini? Kwamba Dar wamempa ukoo, na siku hiyohiyo wakauita ukoo wa wezi?