Mama, Safari Hii Sileti Namba

Shikamoo, Mama.

Marahaba yako naisikia moyoni. Nakuandikia nikiwa kwa Mama Mdogo, hapa Magomeni. Nimekaa, nimesimama, nimechungulia barabarani bila sababu, nimekaa tena. Kesho asubuhi nataka kupanda gari la Mikumi nije kaburini kwako.

Tangu ulipotutoka, kila matokeo yakitoka nilikuja kukuambia. Nang'oa majani, nasoma dua, halafu nasema, "Mama, nimekuwa wa kwanza." Muhula huu nimekuwa wa tisa. Sikuja. Likizo inakaribia kuisha na sijakanyaga Mikumi. Mama Mdogo anadhani nina malaria.

Ilianza kwenye chumba cha mtihani. Majibu ninayoyajua yakakimbia. Chakula nacho kikawa hakipiti, usingizi hauji. Madam Rehema, mwalimu wetu wa ushauri, akatukusanya wanafunzi wachache, wale wale tunaosifiwa kila paredi. Kumbe wengine nao walikuwa hawalali. Akatuketisha kwenye mkeka nyuma ya bwalo, gunia la karanga katikati. "Menyeni huku mnaongea," alisema. "Mikono ikiwa na kazi, mdomo hauogopi."

Akataka kila mtu ajitambulishe. Matokeo mapya yalikuwa bado, nikaanza mimi: "Naitwa Salma, wa kwanza mkondo A." Aliyefuata akataja jina lake, wa pili. Tukazunguka mkeka mzima hivyo hivyo, mpaka Madam akaweka karanga chini akacheka hadi machozi. "Nimeuliza majina, nyie mnanisomea ubao wa matokeo." Mimi sikucheka. Nilikasirika, maana ukiitoa ile namba sikujua niseme nini kingine.

Mara ya pili tulikuja tumejiandaa. Kila mtu alikuwa amekariri maneno mazuri ya kujithamini, tukayamwaga kama majibu ya uraia. Hata kumenya tulishindana. Madam akaomba apitishiwe chumvi.

Jumanne ya mwisho kabla ya kufunga shule nikachoka kuigiza. Nikasema naogopa kwenda kaburini kwa mama yangu na namba ya tisa. Nikawasimulia jiko lako la chipsi pale yanapoegeshwa malori, na madereva wa Iringa walivyokuwa wakiuliza, "Binti wa Mama Salma, wa ngapi safari hii?" Nawe unanyanyua mwiko juu, unajibu kabla yangu.

Kulwa, mtoto wa wafugaji wa Kisukuma, msichana ambaye huwa haongei, akauliza bila kuinua macho: "Na wateja wakishaondoka, mama alikuwa anakuuliza nini?"

Mama, karanga zilinidondoka. Ulikuwa unaniuliza, "Umekula?" Begi halijatua, umeshauliza. Hata darasa la tano, nilipofeli hisabati kwa ile homa, uliikunja ripoti ukaiweka juu ya kabati, ukauliza kama nimekula. Nilisahauje? Nililia mbele za watu mpaka kamasi. Hakuna aliyenipa nasaha. Kulwa alinisogezea karanga zake.

Lakini nina neno na wewe pia. Ule mwiko uliupandisha juu mno. Mimi nilikuwa mtoto, nikadhani namba ndiyo uliyonipendea.

Sijapona. Mtihani wa mkoa unakuja na majibu yatakimbia tena, najijua. Hata sasa nimeshasimama tena, naandika nimeegemea dirisha. Tukifungua shule nitarudi mkekani.

Kesho nakuja. Namba umeshaisoma hapo juu, yaishe. Ninachokuahidi ni hiki: kabla ya gari nitakunywa chai na maandazi ya Mama Mdogo, nitayamaliza hata tumbo likigoma. Mungu akulaze pema, Mama yangu. Nikifika nitang'oa majani, nitakuamkia, halafu nitajibu swali lako.

Nimekula, Mama.

Wako,
Salma