Mfungulie Mwatima Baskeli Yake

Kisauni, Mombasa

Simai,

Kabla hujasoma mstari wa pili, inuka ukafungue kufuli la banda. Baskeli uliyoifungia humo si yako. Niliinunua kwa mwani wangu, nilioulima nimeinama majini mpaka mgongo ukakataa kunyooka, na siku niliyoondoka nikampa Mwatima. Ulikuwepo. Wewe ndiye uliyeshika usukani nikaifuta vumbi. Nani basi kakupa ruhusa ya kuifungia kama mbuzi aliyekula shamba la watu?

Haya. Kama umeshafungua, kaa nikusalimu. Kama hujafungua, salamu hizi si zako, mpe mkeo azisome yeye.

Hujambo mwanangu? Kifua chako vipi, bado kinabana upepo ukigeuka? Kazija hajambo? Na mguu wa mjukuu wangu Mwatima umekauka, au bado anachechemea? Mimi mzima. Magoti yananisema asubuhi, lakini yakishakanyaga kidogo yanapata joto, yananyamaza. Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa kile kisomo cha watu wazima mlichokuwa mkinichekea, kwa hiyo maneno yakikuuma usiseme ni ya mwandishi.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko ilivyostahili. Unasema Mwatima alianguka akienda skuli kwa sababu ya upepo, kanga aliyojifunga juu ya sare ikaingia kwenye cheni, akachunika muundi wa mguu. Unasema majirani wamekwambia msichana ameshakua, si wa kuonekana tena juu ya baskeli. Unasema sasa anakwenda kwa miguu, anafika somo la kwanza limekwisha, na pengine ni bora akae nyumbani mpaka upepo wa kusi upungue. Kisha unamalizia: "Mama, wewe uko mbali, huujui upepo wa huku."

Mimi siujui upepo! Simai, upepo huo unaokutisha wewe huko Makunduchi ndio huu huu unaopita hapa kwangu, na hapa unanikuta juu ya daraja.

Sikiliza ujue mama yako anaishi vipi. Nikishasali alfajiri naitoa baskeli chumbani. Ndiyo, inalala chumbani pamoja na mimi. Nikiiacha uani ataamka nayo mwengine. Ni ya kiume, ina chuma cha katikati, kuipanda lazima kwanza niilaze, nipitishe mguu, kisha niinuke nayo. Nashika njia ya Kongowea mpaka daraja la Nyali. Pale kushoto ni bahari kubwa, kulia ni mkono wa bahari unaoingia Tudor, na katikati hakuna hata ukuta wa kujificha. Upepo unanipiga ubavu wa kushoto. Nikiinyoosha baskeli, unanisukuma kwenye magari. Kwa hiyo naiendesha imelala kidogo upande unakotoka upepo, kama mtu anayeegemea mlango na ndani yupo mwengine anausukuma. Na upepo una ujeuri wake: mara unanyamaza ghafla, nusura niende chini upande ule ule nilioegemea. Madereva wananipigia honi. Mimi siwatazami. Ukimtazama mtu juu ya daraja lile, baskeli inafuata macho.

Nikishavuka napita Buxton, na nikiingia Mji wa Kale nashuka, naikokota vichochoroni mpaka uani kwa Bi Zuhra, mwenye tanuri la mikate ya mofa. Kadzo, mwanamke wa Kigiriama kutoka Kaloleni, anakanda unga. Mimi natia mkono ndani ya tanuri, nabandika mikate kwenye kuta zake, nabandua ikiiva. Mkono wangu wa kulia hauna unywele hata mmoja. Moto wa mofa ukishashika kuta haungoji mtu, ndiyo maana sitaki gari za kukaa stendi zikisubiri kujaa. Na usianze tena maneno ya "Mama rudi tukulee". Nimekwambia, mimi si wa kuwekewa sahani mikono ikiwa inafanya kazi.

Unaogopa majirani watasema. Hapa wanasema kila siku! Wanawake wa huku hawapandi baskeli, na mimi na buibui langu ni kioja chao. Kuna mama mmoja, kila nikipita barazani kwake huwaita wenzake: "Njooni mumuone! Bibi mzima yuwapanda baiskeli! We bibi, sitara yako iko wapi?"

Nikamwambia, "Sitara yangu nimeifunga kwa mpira wa tyubu, haifunuki hata dharuba ije. Yako umeifunga kwa nini?"

Wenzake wakacheka mpaka mmoja akamwaga kahawa. Bi Zuhra naye alinijia siku hiyo hiyo. "Mize, mimi sina neno na baiskeli yako. Neno langu ni watu, wazungumza."

"Wakizungumza, mkate unaungua?"

"Hauungui."

"Basi waache."

Hakulirudia tena. Basi na wewe, mtoto wa kiume mwenye ndevu, unashindwa kuwajibu majirani wawili watatu?

Lakini na mimi nilianguka, Simai. Sikukwambia, na wala sikukusudia kukwambia. Nilikuwa narudi alasiri, siku hiyo nimesahau kufunga mpira, na kurudi ndiko kubaya, maana upepo unakuwa upande wa kulia, upande wa cheni. Nguo yote inasukumwa kwenye meno. Katikati ya daraja upepo ukaingia chini ya buibui, ukalinyanyua lote ukanifunika uso. Sikuona kitu. Nikasikia mtu anapiga kelele, "Bibi! Shika ukingo! Ukingo, kushoto kwako!" Nikaupapasa nikaushika, lakini pindo lilikuwa limeshaingia kwenye cheni, limejizungusha, siwezi kushuka wala kwenda. Nimesimama pale mguu mmoja juu, nimefungwa na nguo yangu mwenyewe, na magari yananipita.

Aliyepiga kelele alikuwa bwana wa mkokoteni, amebeba nazi. Akauzuia mkokoteni wake kwa jiwe, akaja. Mimi navuta nguo kwa nguvu zangu zote. Akasema, "Usivute, mamangu. Ukivuta inazidi kula. Rudisha kanyagio nyuma, polepole." Akalizungusha kwa mkono, na nguo ikatoka kidogo kidogo, imetoboka na imejaa grisi. Akanitazama kiganja kilichochunika. "Wakaa na nani nyumbani?"

Nikamwambia, "Nakaa na watu wangu."

Niliona aibu kusema kweli. Toka dada yangu alale kaburini, yule niliyekuja huku kumuuguza, chumba kile nina mimi na baskeli.

Unakumbuka marehemu baba yako alivyotuzoesha? Mtu akirudi na baskeli, kabla hajashuka anapiga kengele mlangoni, na aliye ndani lazima aitike, "Umefika!" Hata kama anapika, hata kama wamegombana asubuhi. Wewe ulikuwa ukiitika ukiwa bado huwezi kusema vizuri. Basi mimi huku mpaka leo nikifika mlangoni napiga kengele. Mkono unakwenda wenyewe. Mpangaji wa chumba cha pili aliwahi kutoa kichwa akaniuliza, "Bibi, wamwita nani?"

"Simwiti mtu."

Siku ile ya daraja nilipiga pia. Nikasimama kidogo. Halafu nikaingia, nikaosha kiganja, nikashona buibui. Ndiyo hivyo.

Kesho yake nikamwambia Kadzo. Alicheka, yeye hucheka kila kitu, kisha akaacha kukanda, mikono ndani ya unga. "Bi Mize, na ungeanguka baharini, nani angejua? Mimi ningesema tu leo umechelewa. Ningekaa hapa nikutukane, unga ukachacha."

Tangu siku hiyo, nikifunga kazi, yeye hunisindikiza mpaka mwisho wa kichochoro, ananikagua pindo kama polisi. Mwema yule. Lakini nikishavuka daraja yeye hanioni, na mimi simuoni.

Siku ya Idi nilikwenda na baskeli mpaka ufukweni Mama Ngina, nikasema nami nikatembee kama watu. Watu wamejaa, kila familia imetandika mkeka wake. Nikanunua muhogo wa kukaanga, na kwa mazoea nikanunua miwili, wa pili nikautia kapuni nikisema huu wa Mwatima. Nikakaa kwenye ukuta, mkono mmoja umeshika muhogo na mmoja umeshika baskeli, maana upepo ulikuwa ukiiangusha na sina wa kumwambia nishikie. Pilipili yote ikapeperukia kwa mama wa mkeka wa jirani. Akanitukana, nikamrudishia, na Wallahi nilifurahi, ndiyo mazungumzo marefu niliyopata siku ile. Nikarudi. Muhogo wa Mwatima nikaula mwenyewe.

Sasa turudi kwenye cheni, maana usidhani nimelisahau. Baskeli ile nilipoiacha ilikuwa na kava la cheni, bati zima, jeusi, nililipaka rangi mimi. Nguo haiwezi kupenya pale hata upepo ufanye nini. Sasa kanga ya mtoto imeingiaje? Kava la cheni halina miguu, halikuondoka kwenda matembezini. Wewe mwenyewe umeandika katika barua yako, kwa furaha, kwamba umeitengeneza baskeli yako ya kubebea makumbi na sasa haikuchafui tena suruali. Haikuchafui kwa nini? Nimecheka peke yangu hapa, kisha nikakasirika. Umelifungua kava la mtoto ukalitia kwako, suruali yako isipate grisi, halafu mtoto alipoanguka ukalaumu upepo, na ukamfungia baskeli yeye!

Upepo haukumwangusha Mwatima. Umemwangusha wewe.

Na unataka akae nyumbani mpaka upepo upungue. Ukipungua huu, utakuja wa kaskazi, utasema nao. Halafu mvua. Halafu atakuwa ameshakuwa mkubwa, ataolewa, kisomo kimeshampotea, hajui hata barua ya mama yake aliye mbali imesema nini, mpaka atafute wa kumsomea. Mimi nimejua kusoma nina wajukuu. Unadhani usiku ningefanya nini chumbani humu kama nisingejua? Zile barua za Mwatima, zenye mwandiko wa kulala, ndizo zinazonipa sauti ya mtu. Tangu umemfungia baskeli hajaniandikia hata moja. Amenuna, au anafika amechoka, sijui. Wewe umefunga banda, na mimi huku ndiyo nimekosa mtu wa kuzungumza naye.

Nikukumbushe jambo moja, kisha niache. Ulipokuwa mdogo ulipatwa na homa mpaka macho yakapinduka. Baba yako yuko baharini. Mimi sijawahi kupanda baskeli maisha yangu. Nikaichukua ya mjomba wako bila kumuuliza, nikakufunga mgongoni kwa kanga, nikaanguka mbele ya msikiti, nikaanguka kwenye minazi, nikafika hospitali magoti yote damu, na wewe huna hata mkwaruzo. Wanaume wa barazani walisema, kama wanavyosema leo. Ningewasikiliza wao, hao majirani zako leo wangekuwa wanamwambia nani?

Nisalimie mkamwana wangu Kazija, mwambie nimekasirika na wewe tu, yeye hayumo. Msalimie mjomba wako mwenye baskeli ile, mwambie bado namshukuru japokuwa sikumuomba. Nisalimie wifi yangu anayelima mwani, azidi kujifunga kiuno, na mwalimu wa Mwatima, mwambie mtoto anarudi kufika mapema. Bi Zuhra na Kadzo wanakusalimuni. Kadzo anasema akikuona atakupaka unga.

Mimi mama yako, bado nina nguvu za kukuchapa,

Mize

Usiikunje barua kwanza. Chukua spana, ulifungue kava kwenye baskeli yako ulirudishe kwa Mwatima, ukaze kila nati. Mwonyeshe kufunga pindo upande wa kulia kwa mpira wa tyubu, na mwambie nguo ikinasa asivute, arudishe kanyagio nyuma. Kesho aende skuli na baskeli, upepo uwepo usiwepo. Na wewe jioni usiende popote, kaa ndani usubiri, akipiga kengele mlangoni, muitikie kwa sauti, "Umefika!", hata mara mbili, moja ya kwake na moja ya kwangu.