Mali ya Mjerumani Chini ya Miti ya Mpaka

Mjukuu wangu Mugisha,

Nimetoka ibadani sasa hivi, namshukuru Mungu tu wazima hapa Nshambya. Mguu wa babu yako unapona, na senene wameanza kuanguka.

Umeuliza kama Wajerumani wa boma la Bukoba walifukia mali kabla ya kuondoka, maana rafiki yako anataka kuja na mashine ya kuitafuta. Mimi sijui. Ila nilipokuwa msichana alikuja mgeni mmoja nadhifu, akasema mali hiyo iko kwenye kibanja chetu, chini ya miti ya mpaka wetu na jirani. Akaomba aing'oe. Ikishang'olewa, nani angejua kibanja chetu kinaishia wapi?

"Mama, tutagawana nusu kwa nusu," alisema.

Mama yangu aliendelea kumenya ndizi. "Mjerumani aliifukia chini ya miti hii hii?"

"Hii hii. Ndiyo alama yake."

"Baba, miti hii niliipanda na mume wangu tulipooana. Huyo Mjerumani alikuja harusini?"

Mgeni akacheka, akaaga. Nilimfuata kwa macho. Hakushika njia ya mjini. Alikata kwa jirani yetu, akaingia bila kupiga hodi.

Mama hakumsema jirani hata siku moja. Lakini jioni ile alipanda miche mingine katikati ya ile ya zamani.

Basi rafiki yako aje, tutampikia ndizi. Ila kabla hajapanda basi, muulize ni nani aliyemwonyesha pa kuchimba.

Bibi yako, anayekuombea.